Kuongeza miaka ya lizi ya fleti Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wenye fleti England na Wales: waliopo London, Leicester au Milton Keynes, na waliokwisha kurudi Unguja, Mombasa au Maskati wakaacha fleti zao zikipangishwa. Aliye na haraka achukue haya matatu: jua leo umebakiza miaka mingapi, ikiwa inakaribia 80, usisubiri, na mwenye ardhi akikuletea karatasi ya kuongezewa miaka, usitie saini kabla wakili wako hajaisoma.

Nimenunua fleti kwa pesa yangu. Hii habari ya lizi inatoka wapi?

Ulichonunua ni lizi, yaani haki ya kumiliki fleti kwa miaka maalumu, mara nyingi 99, 125 au 999. Ardhi na jengo lenyewe ni mali ya mwingine: kampuni, halmashauri ya mji, chama cha nyumba, au mtu binafsi. Kila mwaka unaopita unakatwa kwenye miaka yako, na yote ikiisha fleti inamrudia yeye.

Siku hiyo hakuna atakayekuja kukutolea vitu nje. Sheria ya mwaka 1989 inamruhusu anayeishi humo kama makazi yake makuu aendelee kukaa, ila kama mpangaji wa kawaida, kwa kodi ya soko. Yaani nyumba uliyoilipia maisha yako yote unaanza kuilipia kodi upya, na watoto hawarithi kitu. Madhara yenyewe lakini yanaanza mapema zaidi. Miaka ikishuka hadi 70 na kitu, benki nyingi zinasita kumkopesha anayetaka kununua kwako, na fleti isiyokopesheka inauzwa kwa bei ya kutupa.

Ni sawa na hati ya miaka 99 ya Tanzania au Kenya?

Zinafanana kwa hesabu ya miaka tu. Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, hivyo mwenye hati ya miaka 33, 66 au 99 anashughulika na serikali. Kenya, Katiba ya 2010 imemwekea asiye raia kikomo cha miaka 99. England aliye juu yako mara nyingi ni mfanyabiashara aliyenunua ardhi hiyo ili apate faida, na miaka yako inavyopungua ndivyo mali yake inavyopanda thamani. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini hana haraka ya kukukumbusha.

Nitajuaje miaka iliyobaki?

Ingia kwenye tovuti ya serikali ya HM Land Registry ununue nakala ya rejesta ya fleti yako. Tangu Desemba 2024 bei yake ni pauni 7. Hakikisha ni tovuti ya serikali kweli, maana zipo nyingine zinazouza karatasi hiyohiyo kwa bei kubwa zaidi. Ndani utaona tarehe ya lizi, urefu wake, na tarehe inapoanzia kuhesabiwa.

Hiyo ya mwisho ndiyo isome mara mbili. Lizi inaweza kutiwa saini Novemba 1986 lakini ikaandikwa "miaka 99 kuanzia 25 Machi 1985". Basi inaisha Machi 2084, hata kama wewe umenunua juzi.

Waliopigwa na jambo hili zaidi ni wale wa fleti za halmashauri, zile zilizouzwa kwa wapangaji kwa mpango wa Right to Buy ulioletwa na sheria ya 1980. Watu wetu wengi wa Tower Hamlets, Newham na Hackney wamo humo, ama walinunua wenyewe ama walinunua kwa aliyenunua. Kawaida lizi hizo ni za miaka 125 na pango la ardhi (kodi anayolipwa mwenye ardhi) la pauni 10 kwa mwaka, masharti mazuri kabisa. Lakini sheria inairuhusu halmashauri kuzifanya fleti zote za jengo moja ziishe siku moja na ile ya kwanza iliyouzwa. Kwa hiyo, ikiwa jirani wa ghorofa ya chini alinunua mwaka 1982, na wewe ukanunua mwaka 2003, lizi yako inaweza kuisha 2107 na si 2128. Mwaka 2026 wewe unadhani umebakiza miaka 102, kumbe ni 81. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kulala usingizi na kumpigia simu wakili kesho asubuhi.

Kwa nini kila mtu anataja miaka 80?

Kwa sababu hapo ndipo bei inaporuka. Sheria inayotawala jambo hili ni ya mwaka 1993, na inampa mwenye fleti haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na pango la ardhi kushuka hadi sifuri. Lakini haki hiyo unailipia. Malipo yana mafungu haya: fidia ya pango ambalo mwenye ardhi hatalipata tena, fidia ya kucheleweshewa fleti kwa miaka 90 zaidi, na, ikiwa miaka iliyobaki haizidi 80, nusu ya thamani inayozaliwa fleti inapopata miaka mipya. Fungu hili la mwisho ndilo linaloumiza.

Tuchukue mfano. Fleti ikiwa na lizi ndefu ina thamani ya pauni 300,000, na pango la ardhi ni pauni 100 kwa mwaka.

Ikibakiza miaka 81: fleti ya kurudi baada ya miaka 81, ikipunguzwa kwa asilimia 5 kila mwaka (kiwango kilichothibitishwa kwenye kesi ya Sportelli na kinachotumika sana kwa fleti), thamani yake leo ni kama pauni 5,770. Pango, tukilihesabu kwa asilimia 6, ni kama pauni 1,650. Jumla pauni 7,400 hivi.

Ikibakiza miaka 79: mafungu hayo mawili yanafika kama pauni 8,000. Tuseme mthamini amekadiria kwamba kwa miaka 79 fleti ingeuzwa pauni 275,000. Kutoka 275,000 hadi 300,000 ni pauni 25,000. Toa zile 8,000 za mwenye ardhi, zinabaki 17,000, na nusu yake, pauni 8,500, ni yake pia. Jumla sasa ni pauni 16,500. Miaka miwili tu imepita, na bei imezidi mara mbili.

Kwa fleti yako takwimu zitakuwa nyingine, na mabishano ya wathamini mengi huwa juu ya ile bei ya fleti yenye lizi fupi. Mruko wenyewe ndio huo.

Jambo la kushika: hesabu hufanywa kwa tarehe ambayo notisi yako, yaani barua rasmi ya kudai nyongeza, imemfikia mwenye ardhi. Ukiipeleka ukiwa na miaka 80 na miezi mitatu, mazungumzo yakavuta mwaka mzima, bado unalipa bei ya juu ya 80.

Nani ana haki hii?

Mwenye fleti ambayo lizi yake, ilipotolewa mara ya kwanza, ilikuwa ya zaidi ya miaka 21. Si lazima uishi humo. Sharti la makazi liliondolewa mwaka 2002. Si lazima uwe raia. Zipo fleti chache zilizo nje ya haki hii, kama zile za National Trust.

Nimeambiwa lazima niwe nimemiliki kwa miaka miwili kwanza.

Hiyo imekwisha. Tangu tarehe 31 Januari 2025 unaweza kuanza mara tu jina lako linapoingia kwenye rejesta.

Mwenye ardhi ameniandikia barua ya upole, ataniongezea miaka kwa bei nafuu bila mawakili. Nikubali?

Hili ndilo swali linalonifanya niandike ukurasa huu kwa urefu. Barua hizo nimeziona nyingi, na nyingi zinafanana. Zinakuja na bei inayoonekana ndogo, tarehe ya mwisho ya siku 28 hivi, na maneno ya kukutoa wasiwasi. Ukizifungua masharti yake, unakuta mambo kama haya.

Miaka. Sheria inakupa 90 juu ya uliyonayo, kwa hiyo mwenye 82 anafika 172. Barua inasema "tutairudisha lizi yako iwe 99" au "125". Mwenye 82 akirudishwa 99 amenunua miaka 17. Baada ya muda mfupi atakuwa tena mlangoni mwa 80.

Pango la ardhi. Kwa njia ya sheria pango linafutwa mara moja. Kwa mapatano ya nje, sheria ya pango la ardhi iliyoanza 30 Juni 2022 inataka miaka iliyoongezwa isiwe na pango, lakini pango la ile miaka ya zamani linaweza kuendelea mpaka miaka hiyo ishe. Kama lizi yako ina kifungu cha pango kuongezeka maradufu kila miaka 10 au 25, utaendelea kukibeba kwa miaka yote 82. Benki zinaviogopa sana vifungu hivyo.

Masharti mapya. Mapatano ya nje ni nafasi ya mwenye ardhi kupenyeza vifungu ambavyo havikuwemo: ada ya kuomba ruhusa ya kupangisha, ada ya kufuga paka, ada ya kubadilisha sakafu. Kwa njia ya sheria nafasi hiyo ni finyu.

Na jingine: ukizungumza naye pembeni bila notisi, saa inaendelea kukimbia. Anaweza kukujibu polepole kwa miezi minane hadi ukashuka chini ya 80, na hutakuwa na pa kumshitaki.

Sisemi mapatano ya nje ni mabaya siku zote. Wapo wenye ardhi waungwana, na mtu anayeuza haraka yanaweza kumfaa. Lakini yalinganishwe na yale ya sheria, karatasi mbili mezani, mthamini akiwa ameshasema bei yake. Sisi tunaona aibu kubishana na mtu aliyetuandikia kwa adabu. Hapa usione aibu. Hiyo ni biashara, na yeye ana mawakili.

Njia ya sheria inakwendaje?

Unaanza na mthamini anayeijua kazi hii ya lizi hasa, si dalali wa mtaa aliyekuuzia, na wakili wa fani hiyohiyo. Mthamini anakupa makadirio ya chini na ya juu. Wakili anapeleka notisi ya kifungu cha 42 yenye bei unayopendekeza. Bei hiyo iwe ya chini lakini yenye maelezo; ukiandika pauni 50 kwa kujaribu bahati, mahakama inaweza kuihesabu notisi kuwa si kitu.

Mwenye ardhi anapewa angalau miezi miwili ya kujibu. Anaweza kutuma mthamini wake aje kuangalia fleti, na anaweza kudai amana: asilimia 10 ya bei uliyopendekeza au pauni 250, ile iliyo kubwa. Jibu lake huja na bei ya juu, na hapo wathamini wawili wanaanza kuvutana. Kesi nyingi zinamalizikia hapo.

Wasipokubaliana, yeyote kati yenu anaweza kupeleka shauri kwenye First-tier Tribunal (kwa Wales, Leasehold Valuation Tribunal), baraza linaloamua masuala ya nyumba na ardhi. Dirisha linafunguka miezi miwili baada ya jibu la mwenye ardhi na kufungwa miezi sita baada ya jibu hilo. Likifungwa hujapeleka, notisi yako imekufa, na inabidi ukae miezi 12 kabla ya kupeleka nyingine, huku ukihesabiwa miaka michache zaidi na gharama za mwenye ardhi zikikungoja. Tarehe hizi ziandike wewe mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni, usimwachie wakili peke yake.

Gharama nyingine?

Wakili wako, mthamini wako, na, hii inawashangaza wengi, gharama za haki za wakili na mthamini wa mwenye ardhi pia. Mbele ya baraza, kwa kawaida kila mtu anabeba zake. Muulize wakili mapema kama malipo yako yanagusa kodi ya stempu, hasa ukiwa na nyumba nyingine.

Mwenye ardhi hajajibu notisi.

Basi umepata bahati. Akikosa kujibu ndani ya muda, na notisi yako ikawa sahihi, unaweza kwenda mahakamani ukapewa lizi kwa masharti uliyoyaandika wewe, pamoja na bei yako. Una miezi sita tu ya kufanya hivyo.

Na kama haonekani kabisa, kampuni imekufa au mtu hajulikani aliko?

Mahakama inaweza kutoa amri, baraza likapanga bei, ukailipa mahakamani na ukapata lizi mpya. Inachukua muda, lakini inawezekana.

Kuna sheria mpya ya miaka 990. Nisubiri?

Sheria ilipitishwa Mei 2024. Inasema nyongeza itakuwa miaka 990 badala ya 90, lile fungu la chini ya miaka 80 litafutwa, na kwa kawaida hutalipa tena mawakili wa mwenye ardhi. Wamiliki wakubwa wa ardhi waliipinga, na Oktoba 2025 Mahakama Kuu ikatupilia mbali madai yao. Lakini sehemu hizi, hadi ninapoandika, hazijaanza kutumika. Zinangoja kanuni nyingine za serikali.

Maoni yangu ni haya. Mwenye miaka 95 anaweza kusubiri bila hofu. Mwenye 81 asisubiri hata kidogo, maana akishuka chini ya 80 na sheria ikachelewa, ameumia. Mwenye 72, asiyeuza wala kukopa, ndiye mwenye uamuzi mgumu: kusubiri kunaweza kumwokolea pesa nyingi, na kunaweza kumwongezea mzigo kila mwaka. Huyo alipe mthamini ampigie hesabu za pande zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuamua. Asiamue kwa habari za kwenye kundi la WhatsApp.

Mimi niko Zanzibar, fleti iko London. Lazima nije?

Hapana. Zamani mwenye fleti alilazimika kutia saini notisi kwa mkono wake. Tangu sheria ya marekebisho ya mwaka 2014 wakili anaweza kuitia saini kwa niaba yako. Utahitaji kuthibitisha utambulisho wako na chanzo cha pesa, na hapo ndipo walio mbali wanapokwama kwa wiki nyingi. Anza na hayo. Na hakikisha anwani yako kwenye rejesta ya Land Registry ni ya sasa. Barua inayotumwa kwenye fleti uliyompangisha mtu mwingine inaishia kwenye droo yake.

Fleti ni ya marehemu baba, na warithi hatujakubaliana.

Msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ya huku Uingereza ndiye wa kushughulikia, na azungumze na wakili mapema. Nawaomba familia moja kwa moja: pelekeni notisi kwanza, mgawane baadaye. Fungu la kila mmoja, awe mtoto wa kike, wa kiume au mjane, linatoka kwenye thamani ya fleti, na thamani hiyo inapungua kila mwaka mnaoutumia kubishana.

Nilinunua kupitia benki ya Kiislamu kukwepa riba.

Kwenye mipango mingi ya aina hiyo jina lililo kwenye rejesta ni la benki, nawe umepangishwa na benki mpaka umalize kulipa. Kwa hiyo usipeleke notisi peke yako. Iandikie benki kwanza, na umwonyeshe wakili mikataba yote miwili, ili ijulikane nani hasa anatoa notisi na nani analipa.

Nataka kuuza, na miaka imebaki michache, na pesa ya kuongeza sina.

Peleka notisi, kisha umhamishie mnunuzi haki hiyo pamoja na fleti, siku moja. Yeye atamalizia na kulipa. Bei yako itapungua, lakini atakuwa amenunua fleti ambayo saa yake imesimamishwa, na hiyo inauzika vizuri zaidi. Uhamisho huo uandikwe sawasawa na wakili. Ukikosewa, notisi inapotea.

Tunamiliki ardhi kwa pamoja na majirani. Inanihusu?

Ndiyo. Hisa kwenye kampuni ya ardhi haisimamishi miaka ya lizi yako. Heri ni kwamba mnaweza kukubaliana wenyewe kupeana miaka 999, na mara nyingi gharama ni za mawakili tu. Kaeni mfanye sasa, wakati hakuna anayeuza na hakuna aliyegombana.

Nina fleti ya kununua sehemu, nusu ni ya chama cha nyumba.

Haki ya sheria ya 1993 imekuwa ngumu kwa asiyemiliki asilimia 100. Vyama vingi vina utaratibu wao wa kuongeza miaka. Waandikie, uombe masharti kwa maandishi.

Scotland je?

Huko nyumba karibu zote zinamilikiwa pamoja na ardhi yake. Ukurasa huu hauwahusu.

Wapi napata ushauri wa bure?

Leasehold Advisory Service, kwa kifupi LEASE, shirika linalofadhiliwa na serikali kwa kazi hiyo. Wana kikokotoo cha makadirio kwenye tovuti yao. Kama Kiingereza cha kisheria kinakupa tabu, nenda na mtu unayemwamini, lakini awe mkalimani tu; uamuzi ni wako.

Tumekubaliana bei. Kimebaki nini?

Wakili anaandaa lizi mpya inayochukua nafasi ya ile ya zamani, mkopeshaji wako anaarifiwa ili mkopo uhamie kwenye lizi hiyo, unalipa, na lizi inasajiliwa Land Registry. Bei ikishakubaliwa kuna miezi miwili ya kukamilisha, na ikipita mingine miwili bila kukamilisha wala kwenda mahakamani, notisi inakufa hapo mwishoni kabisa. Ada ya huduma ya jengo inabaki vilevile. Usajili ukishafanyika, nunua tena nakala ya rejesta kwa zile pauni 7 uangalie tarehe mpya ya mwisho, tahajia ya majina, na kwamba pango la ardhi halipo tena. Makosa hutokea, na kuyasahihisha mwezi huohuo ni rahisi kuliko siku mnunuzi anapoyagundua.